Siku Moja Maskati, na Nusu ya Nyumba ya Madungu

 

Tangu nitoke safari, kila ninayekutana naye kwenye kibanda cha chipsi ana swali moja tu: "Yakhe, Maskati umeona nini?" Nikianza kujibu naona macho yake yanasubiri maghorofa yanayogusa mawingu, gari za kifahari na maduka yenye ubaridi kama friji. Haya, baadhi yapo (maghorofa si kihivyo, nitaeleza). Ila ile siku yenyewe tuliyozungushwa mji, Jumamosi ya tarehe 8 Februari 2025, mie nilikuwa natazama vitu viwili kwa mpigo: jicho moja kwenye mji, jingine kwenye mdomo wa bibi yangu. Kwa sababu bibi alikuwa na neno alilolibeba kutoka Madungu, na ndani ya gari ile hakuna aliyelijua isipokuwa mie.

Sasa ili mnielewe inabidi nianze na hesabu. Msikimbie, si takwimu hizi!

Nyumba ya kwetu Madungu ni ya baba yake bibi. Mzee alifariki mwaka 1996, akaacha watoto watatu: mwanamme mmoja na wanawake wawili. Sie tuliopita madrasa tunajua, mwanamme mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Kwa hiyo nyumba ina mafungu manne. Fungu moja la bibi yangu. Fungu moja la dada yake, ambaye naye keshatangulia, Mungu amrehemu, kwa hiyo limewashukia wanawe. Na mafungu mawili yaliyobaki, yaani nusu ya nyumba nzima, ni ya kaka yao. Na kaka yao aliondoka Pemba mwishoni mwa mwaka 1964 akiwa kijana wa miaka 19. Tangu hapo amerudi mara moja tu, mwaka 1993, akakaa wiki mbili.

Basi nyumba ikakaa hivyo hivyo, haijagawiwa. Na nyumba isiyogawiwa, nyote mnajua inavyokuwa. Hakuna anayeitengeneza, kwa sababu ukitia bati jipya umetia kwenye fungu la nani? Ukuta wa uani ukipasuka kila mtu anasema tusubiri tuzungumze. Wajomba zangu wa upande wa marehemu wanataka ivunjwe yajengwe milango ya maduka, maana pale barabara iko karibu. Bibi ana miaka 71, ndiye anayelala humo, na mvua za masika huwa anahamisha kitanda mara tatu kwa usiku mmoja. Mie mwenyewe nimeshika ndoo humo tangu nikiwa darasa la pili.

Niliwahi kumuuliza, "Bibi, si umpigie simu tu Babu wa Maskati? Bando nitanunua mie." Akaniambia: "Mirathi haisemwi kwenye spika, mwanangu. Nikisema mie huku, kule wanasikia wajukuu, wakwe na aliyekuja kutengeneza bomba." Halafu akaongeza jingine kwa sauti ya chini: "Na mtu mzima ukimwambia toa fungu lako, ni sawa na kumwambia, wewe hurudi tena."

Basi mjomba wa kule, mtoto wa Babu, alipotuma tiketi mbili ili ndugu hawa waonane kabla ya Ramadhani, bibi akafunga mzigo. Mie nikachaguliwa niende naye kwa sababu magoti yake hayapendi ngazi, na kwa sababu nilikuwa kwenye mapumziko ya semista. Wenzangu mliobaki mkisubiri sapu, poleni, riziki haigombwi hehehe. Kutoka Unguja ni ndege ya kama saa tano na nusu. Kule wako mbele yetu kwa saa moja, lakini bibi alikataa kata kata kusogeza saa yake ya mkononi. "Hiyo saa yao wenyewe," alisema. Wiki nzima alikuwa akiishi kwa saa ya Pemba.

Asubuhi ya Jumamosi (kule mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi) tuliamkia nyumbani kwa mjomba, sehemu za Seeb. Chai ilikuwa mandazi na mbaazi za nazi, ungedhani uko Chake Chake. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote mwanzoni: nyumba ile wanazungumza Kiswahili! Babu Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, tena kile cha zamani, ana maneno ambayo hata Pemba sasa huyasikii. Mjomba anachanganya na Kiarabu. Binamu yangu ana miaka 20, anasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kile kilichofunguliwa mwaka 1986, na Kiswahili chake anakijua kwa kukisikia tu, hajawahi kukiandika. Aliponiona naandika ujumbe kwa Kiswahili akaniambia, "Kumbe kina herufi!" Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Tukaingia garini sita: mjomba usukani, Babu mbele na bakora yake, nyuma bibi, mie, binamu na kaka yake mdogo wa miaka tisa ambaye kazi yake siku nzima ilikuwa kuuliza tunakula saa ngapi.

Mji wenyewe jamani ni msafi, sitawaficha. Barabara ya Sultan Qaboos ni pana, imenyooka, kilomita baada ya kilomita hukuti shimo. Lakini Maskati si Dubai. Majumba si marefu, na mengi ni meupe au rangi ya mchanga. Mjomba alieleza kwamba manispaa inasimamia rangi na urefu, watu wasijijengee tu, na ndiyo maana popote ulipo unaiona milima. Na milima yenyewe haina hata jani moja! Miamba mitupu ya kahawia. Mie mtoto wa Pemba, niliyezoea ukitupa kokwa la embe uani baada ya mwezi lishachipua, nilikuwa nikiitazama ile milima nahisi kiu.

Mjomba akasema mvua kule kwa mwaka mzima ni kama milimita 100 tu, na maji ya bomba mengi yanatoka baharini, yanachujwa chumvi kwa mitambo. (Ingawa ikija kwa hasira inakuja kweli. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kiligeuza barabara zao kuwa mito.) Bibi akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema:

"Nyie maji mnayafuata baharini. Sie mvua inatufuata mpaka kitandani."

Gari zima likacheka. Babu naye alicheka. Mie peke yangu sikucheka, nilijua hilo ni jiwe la kwanza limerushwa.

Tulianzia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Uliamriwa na Sultan mwenyewe, ukafunguliwa Mei 2001. Nimeona misikiti, lakini pale unavua viatu na akili pamoja. Taa ya katikati imening'inia ina urefu wa mita 14. Zulia la ukumbi mkubwa ni kipande kimoja, lina uzito wa tani 21 na mafundo milioni 1,700, limefumwa Iran kwa miaka minne na wanawake kama 600. Binamu alikuwa akitusomea hayo kwenye simu yake, mie nikimfasiria bibi pale anaposhindwa.

Watalii walikuwa wakiitazama taa. Bibi aliinama akalitazama zulia. Kumbukeni huyu ni mtu aliyelea watoto kwa kushona ukili, mikeka yake imekwenda mpaka Tanga. Akapapasa kwa vidole pale pembeni, akauliza: "Wanawake 600, miaka minne. Walilipwa vizuri?" Binamu akatafuta kwenye simu, hakupata. Bibi akasema, "Tafuta tena siku nyingine. Hilo ndilo la kujua." Jamani mie nasoma chuo kikuu na swali hilo halikunijia kichwani.

Kutoka hapo tukapitishwa kwenye jumba la opera, lile jeupe lililofunguliwa Oktoba 2011. Tulipiga picha nje tu. Babu alisema aliwahi kuingia mara moja, mtu akaimba kwa sauti kubwa kuliko adhana, na bado yeye akapata usingizi mzuri sana.

Halafu tukaingia kwenye duka kubwa moja la ghorofa, mtoto wa miaka tisa apate anachokitaka. Hapo ndipo kwenye ngazi za umeme. Bibi alisimama chini akazitazama zinavyojikunja, akasema hazipandi, bora tumwache pale na chupa ya maji. Tukambembeleza, wapi. Mwisho Babu, miaka 80, akahamisha bakora mkono wa kushoto, akamshika dada yake mkono wa kulia, akamwambia, "Tia mguu nikisema bismillahi." Wakapanda. Juu hawakuachiana. Niliona bibi anafungua mdomo, nikasema hilo linakuja sasa. Mara mtoto akapiga kelele ameona aiskrimu. Likarudi lilikotoka.

Mchana baada ya kula tukaenda Maskati ya zamani, maana mji ni mrefu unaofuata pwani, na Maskati yenyewe ya asili ni kijisehemu kidogo kilichobanwa baina ya milima na bahari. Unaingia kupitia lango. Babu alimwambia mjomba asimamishe gari, akateremka kwa shida, akaanza kutusomesha. Na hapa wenzangu wa historia mtulie, maana hii haimo kwenye desa.

Alisema yeye alikwenda kwanza Mombasa, halafu Kuwait, na Omani alifika mwaka 1971. Sultan Qaboos alikuwa ameshika nchi tarehe 23 Julai 1970, na akawaita Waomani wote walioko nje warudi kujenga. Nchi aliyoikuta ilikuwa na skuli tatu tu na barabara ya lami ya kama kilomita 10. Malango ya mji yalikuwa yakifungwa usiku, na anayetembea gizani lazima abebe kandili.

"Mie nimetoka Unguja kwenye taa za umeme," alisema, "nimefika hapa watu ndio kwanza wameziweka chini kandili zao. Nikaandika barua nyumbani, nikasema nimepotea njia."

Mnaona mambo hayo? Sie vijana tunafikiri mji wa kisasa umezaliwa hivyo. Unguja ilikuwa na Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba la ghorofa lililokuja kuwa na umeme na lifti, na televisheni ya rangi tumeipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika bado zinatazama rangi nyeupe na nyeusi. Waliotoka Zanzibar na Pemba walikuwa wamesoma, kwa hiyo wakawa walimu, makarani, wauguzi na wahandisi wa Omani mpya. Babu mwenyewe alifundisha hesabu miaka 26. Kwa hiyo ukiona ile barabara haina shimo, ujue aliyeipigia hesabu huenda alifundishwa na mtu wa Madungu. Hili nilisema kwa sauti, Babu akafurahi kupita kiasi.

Mbele yetu kulikuwa na kasri la Al Alam, la mwaka 1972, nguzo zake za buluu na dhahabu, na juu ya miamba ngome mbili, Jalali na Mirani, ambazo Wareno walizimaliza miaka ya 1580. Ni Wareno hao hao walioanza Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593. Waomani waliwatoa hapa mwaka 1650, na mwaka 1698 wakawatoa Mombasa. Baadaye Seyyid Said akaihamishia Unguja serikali yake, na mwaka 1861, baada ya yeye kufa, nchi ikakatwa mbili: Maskati kwa mtoto mmoja, Zanzibar kwa mwengine.

"Mirathi," akasema bibi.

"Nini?" akauliza Babu.

"Nasema hiyo nayo ilikuwa mirathi. Watoto wameshindwana, akaja Mngereza akawagawia."

Babu akamtazama sana, lakini hakusema kitu. Jiwe la pili.

La tatu lilikuja hapo hapo. Binamu alikuwa akiitafuta Beit al-Ajaib kwenye simu, akakuta picha za tarehe 25 Disemba 2020, upande wa mbele ulipoanguka. Babu akaishika simu karibu na macho, akawa anairudia ile picha. Alisoma Unguja, alipita mbele ya jumba lile kila siku. Bibi akasema polepole, "Nyumba ikishaingia maji, kakangu, haimngoji mtu."

Baada ya hapo tukaenda soko la Mutrah. Vichochoro vyake ukifumba macho ni Darajani: harufu ya ubani, vitambaa, majambia ya fedha, halua kwenye mabakuli, wauzaji wanaokuita dada kwa lugha saba. Ubani wao unatoka Dhofar, kusini ya nchi, na wanajivunia hasa. Bibi aliupita ubani wote, akaenda kusimama kwenye gunia la karafuu.

Akatia mkono, akachukua chache, akazivunja, akanusa, akaweka moja ulimini. Muuzaji akamwambia kwa Kiarabu ni karafuu nzuri, za Zanzibar. Mjomba akafasiri. Bibi akasema: "Mwambie hizi zilinyeshewa zikiwa jamvini." Muuzaji akacheka, akatoa kopo jingine kutoka ndani. Bibi akanusa tena, akakaa kimya kidogo. "Hizi ndizo."

Nikamweleza binamu kwamba zamani Unguja nayo ilikuwa na mikarafuu kwa wingi, kikaja kimbunga cha mwaka 1872 kikaiangusha, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sie ndio tukawa wa karafuu. Hakuwahi kuisikia. Nikamweleza jinsi tunavyochuma, watoto wanavyochambua makonyo usiku barazani, na jinsi mvua ikitokea kila mtu anavyokimbilia majamvi hata kama yuko kwenye sala ya sunna. Akaniuliza, "Na Babu alikuwa anafanya hivyo?" Babu aliyekuwa nyuma yetu akajibu mwenyewe: "Nimeanguka kwenye mkarafuu mara mbili. Mkono huu haunyooki mpaka leo, wewe ulifikiri ni uzee?" Miaka 20 kalala nyumba moja na mkono ule, siku ile ndiyo kajua kisa chake.

Tukatoka na kopo la karafuu. Ndiyo, nimetoka Pemba nikanunua karafuu Maskati, nichekeni tu.

Baada ya Alasiri tulikaa kwenye mabenchi ya pwani ya Mutrah. Ni njia ndefu inayofuata bahari, ina sakafu inayong'ara, majumba ya zamani ya wafanyabiashara upande mmoja na meli upande wa pili. Mtoto alikwenda kufukuza njiwa. Mjomba na binamu walikwenda kutafuta chai ya karak na mishkaki. (Mishkaki wanaiita hivyo hivyo!) Nikabaki mie na wazee wawili, nikajifanya nashughulika na simu.

Babu ndiye aliyeanza.

"Wewe tangu asubuhi unanambia mvua, mirathi, maji. Sema basi."

"Kakangu, paa limechoka."

"Ndiyo hilo tu?"

"Na mafungu yako mawili."

Akanyamaza. Kulikuwa na jahazi moja la mapambo linaingia bandarini, akalitazama mpaka likafika. Kisha akasema, si kwa hasira, lakini si kwa mzaha: "Umekuja kunitazama au umekuja kunigawa?"

"Nimekuja kukutazama. Hilo la kugawa limepanda ndege na mie tu."

Babu akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamgonga mgongoni. Alipotulia akauliza chumba chake cha upande wa kibla kikoje. Bibi hakumdanganya. Akamwambia ukuta umepasuka, humo sasa wanaweka kuni na mabaki ya mabati. Akauliza mwembe wa uani. Akamwambia uliangushwa na upepo, kuni zake ndizo zilizopikia hitma ya dada yao. Kila jibu liliingia kwake kama sindano, nilikuwa naona. Nilitamani bibi aseme uongo mmoja tu, hata mdogo. Hakusema.

Mwisho Babu akasema maneno haya, nimeyaandika usiku ule ule nisiyasahau:

"Miaka sitini kila nikiulizwa kwetu wapi, nasema nna nyumba Madungu. Wengine hapa wana majumba, wana magari, mie nikawa nasema nna nyumba Madungu, na inanitosha. Sasa nikikupa wewe, nitasema nini?"

Bibi akafikiri. Nilidhani atalia, yeye ni mwepesi wa kulia.

"Utasema una dada Madungu."

Wallahi mie nilisimama nikaenda kutazama bahari, maana macho yangu hayakuwa na adabu.

Niliporudi mjomba alikuwa amefika na vikombe, na Babu keshamwita pamoja na binamu wasimame mbele yake. Akasema kwa Kiswahili, halafu kwa Kiarabu, kwamba mafungu yake mawili ya nyumba ya Madungu amempa dada yake, kwa hiari yake, akiwa mzima na akili zake. Akamalizia, "Na nyie ni mashahidi." Binamu akahesabu kwa vidole: mwanamme mmoja, baba yake, wanawake wawili, mie na yeye. "Imetimia," akasema, na hapo ndipo nilipoona kweli huyu ni ndugu yangu.

Lakini nilikuwa namtazama mjomba. Kwa sababu fungu lile siku moja lingekuwa lake yeye. Alishika kile kikombe hakunywi. Amezaliwa Maskati, Pemba amefika mara mbili tu, lakini naye nadhani alikuwa akisema kimoyomoyo kwamba ana nyumba mahali. Akasema, "Sawa, baba." Kisha akamgeukia bibi: "Shangazi, na sie tukija tutalala wapi?"

"Utalala chumba cha baba'ako," bibi akamjibu. "Kwanza nitoe kuni."

Magharibi ikaadhiniwa, tukasali, tukarudi Seeb taa zote za barabara zimewaka. Babu alilala njiani. Bibi alikaa amepakata kopo la karafuu, saa ya mkononi mwake inasema bado ni saa kumi na moja na nusu.

Jumatatu yake wakaandika karatasi, Babu akatia saini, mashahidi tukatia zetu, tukarudi nayo nyumbani ndani ya msahafu. Wale wajomba wa upande wa marehemu walipooneshwa hawakufurahi, sitawadanganya. Fungu lao moja lipo pale pale na ni haki yao, na mmoja wao hata leo anasema maneno ya kwenye benchi yasingetosha kama si karatasi. Bibi amewaambia atawalipa fungu lao kidogo kidogo, msimu wa karafuu baada ya msimu, au wachukue upande wa barabara wafungue mlango mmoja wa duka. Hawajakubaliana. Vikao bado vinaendelea barazani na sauti zinapanda.

Lakini bati jipya lilipigwa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameshaanza, kwa pesa alizotuma mjomba bila kuombwa. Na kile chumba cha kibla kimetolewa kuni, kimezibwa ufa, kimetiwa kitanda. Bibi amefunga mlango wake kwa kufuli, ufunguo anao shingoni. Wajukuu wakiuliza kwa nini hakitumiki, anasema kina mwenyewe. Nikamwambia, "Bibi, si alikupa?" Akanitazama kama vile nimefeli somo la mwaka wa kwanza. "Alinipa nyumba," alisema. "Chumba sikumwomba."

Haya wapendwa, mie naishia hapa, kesho nna tesiti saa mbili asubuhi na sijafungua hata ukurasa mmoja. Mwenye mzee wake ng'ambo na neno lisilosemeka kwenye spika, amfuate angali anasikia. Karafuu za lile kopo zimebaki kidogo chumbani kwangu bweni la wasichana, anayetaka kuzinusa aje na sukari ya chai.